Jiwe la Baba Lilikuwa Kubwa Kiasi Gani

Vipo 22. Sanduku lina nafasi za 24, lakini viwili vilishakuwa unga kabla havijanifikia. Kila kimoja ni kisahani cheupe cha jasi, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20, kimezungushiwa ukanda wa karatasi ya rangi ya dhahabu, na pembeni pana namba iliyoandikwa kwa wino uliogeuka kahawia. Sanduku lenyewe limetengenezwa kwa umbo la kitabu. Ukiliona kwenye rafu utadhani ni Biblia ya zamani. Ukilifungua hukuti kurasa, unakuta watu wadogo, wengi wao uchi, wanapigana na wanyama.

Nilipewa na mgeni, sonara mstaafu kutoka Uskoti aliyepita Voi kununua mawe. Kazi yangu ni kukata na kung'arisha vito, na nilikuwa nimemkatia vinne. Siku ya kuondoka akaniachia sanduku mezani, akasema kwao hakuna tena anayelitaka. Jumamosi nikapanda matatu nalo hadi nyumbani Mboghoni, nikalifungua sebuleni, na mama akaja akifuta mikono kwenye leso.

"Hizi ni sabuni za hoteli?"

"Hapana, mama. Ni picha za mawe."

"Na mawe yenyewe yako wapi?"

Nimesoma mengi kuhusu vitu hivi tangu siku hiyo, na bado sijakutana na swali zuri kuliko hilo.

Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa wakichonga picha kwenye vito: akiki, zabarajadi, wakati mwingine zumaridi. Si picha kubwa. Kito chenye upana wa ukucha wa kidole gumba kingeweza kubeba vita nzima, farasi na ngao zikiwemo. Fundi alitumia kekee ndogo, mafuta na unga wa jiwe gumu, akichimba polepole. Mchoro mwingi ulizamishwa ndani ya jiwe, tena kinyumenyume, kama unavyojiona kwenye kioo, kwa sababu kito kilikuwa kinawekwa kwenye pete ya muhuri. Mwenye pete anaikandamiza juu ya nta au lakiri, na hapo ndipo picha inapotokea, imeinuka na imekaa upande wake wa sawa. Kwa maana nyingine, jiwe lilikuwa kalibu tu. Picha ambayo fundi aliikusudia ilikuwa kwenye nta.

Hapo ndipo niliponaswa. Sisi wakataji wa siku hizi tunafikiri jiwe ndilo kila kitu. Tunalikata nyuso nyuso ili mwanga uingie, ugonge chini, urudi machoni mwa mnunuzi. Kikishauzwa, kimeondoka na mwanga wake. Wale wa kale walichonga jiwe huku wakifikiria alama litakayoiacha mahali pengine.

Karne nyingi baadaye, matajiri wa Ulaya walianza kuvikusanya vito hivyo na kuvifungia kabatini. Maskini na wanafunzi hawakuwa na njia ya kuviona. Ndipo akatokea James Tassie, mchonga mawe ya kujengea, aliyezaliwa karibu na Glasgow mwaka 1735. Alikwenda Dublin, na huko, pamoja na daktari mmoja aitwaye Henry Quin, wakapata namna ya kuyeyusha kioo maalumu na kukikandamiza kwenye kalibu kikatoa kila unywele wa mchoro. Mwaka 1766 akahamia London. Akawa anakwenda kubisha hodi kwa wenye makabati, anaomba kuchukua alama ya vito vyao, kisha anauza nakala za kioo cha rangi, za jasi, au za kiberiti. Nasema kiberiti kwa maana yake ya asili, ile salfa yenyewe. Orodha ya nakala zake iliyochapishwa mwaka 1791 ina vipengele 15,800. Aliyeiandika ni Rudolf Erich Raspe, huyo huyo aliyetunga hadithi za uongo za Baron Munchausen, lakini orodha ya nakala haikuwa uongo. Catherine, malkia wa Urusi, aliagiza seti nzima. Fikiria: mtawala aliyekuwa na uwezo wa kununua vito vyenyewe kwa maelfu, na bado anataka pia nakala za vile asivyoweza kuvipata.

Mama hakujali Catherine. Alivipitia visahani kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Aliyemtambua mara moja ni Hercules, mikono imemkaba simba shingoni. "Huyu ni wa Tsavo," akasema, na sikumbishia. Kuna mwanamke aliyekumbatiwa na bata maji mkubwa. Hicho kisahani mama alikigeuza kifudifudi na hadi leo kimelala hivyo. Na kuna msichana aliyefungwa mikono kwenye jabali la baharini, anamsubiri dude atoke majini amle. Huyo ni Andromeda. Wagiriki walisimulia kwamba alikuwa binti wa mfalme wa Ethiopia. Kwenye jasi ana pua na nywele za Kigiriki kabisa.

Kuhusu simba wa Tsavo, ngoja nitoke nje ya njia kidogo. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli waliuawa mwaka 1898 na John Patterson. Aliwafanya mazulia, akawakanyaga sakafuni kwake kwa miaka 25 hivi, kisha mwaka 1924 akaziuza ngozi kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa na kukatwa pembeni, kwa hiyo walipojazwa na kusimamishwa tena walitoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Ukienda kuwaona, unaona simba waliopungua. Vitu vya kwetu vikiondoka hupungua. Ila kuna kimoja nyumbani kwetu ambacho kiliondoka na kikawa kinaongezeka.

Mboghoni si nchi ya machimbo. Sisi ni watu wa maji na migomba: mifereji, nyanya, ndizi zinazopelekwa soko la Taveta, Kilimanjaro ikichungulia asubuhi kabla ya mawingu. Mawe yako upande wa pili, chini huko kwenye nyika kavu, Kuranze, Kasigau, Mangare. Rubi za Mangare na ule mjano wa kijani, tsavoriti, vilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina tsavoriti lilitolewa mwaka 1974 na watu wa Tiffany, New York, kutokana na Tsavo. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyeupata upande wa Tanzania mwaka 1967 na baadaye huku kwetu, aliuawa karibu na Voi mwaka 2009, katika ugomvi wa eneo la machimbo. Nayasema haya ili ujue kwamba kijani hiki si cha mchezo.

Msimu mifereji ikikauka au nyanya zikikosa bei, wanaume wa Mboghoni walikuwa wanashuka nyikani kuchimba. Zurura, ndivyo wanavyoitwa wachimbaji wadogo wasio na shimo lao. Baba alikwenda mwaka 1998 na wenzake watatu. Mmoja wao alikuwa rafiki yake wa tangu tohara, sisi tulimwita baba mdogo. Baada ya miezi mitano ya kula ugali na chumvi, walipata jiwe. Tsavoriti mara nyingi hukaa kwenye donge kama kiazi, ukilivunja unakuta vipande vya kijani vimepasuka pasuka, vingi havifai. Hili lilikuwa na kipande kizima. Baba ndiye aliyetumwa nalo Voi kwa broka. Alirudi na shilingi 22,000.

Zikagawanywa. Kwetu zililipa karo ya dada yangu na mabati ya jikoni.

Sasa, baba ni msimuliaji. Kila akilieleza lile jiwe alikuwa analionyesha kwa vidole viwili, gumba na shahada. Nikiwa darasa la tatu nafasi kati ya vidole ilikuwa ya punje ya mahindi. Nikiwa kidato cha pili ilikuwa ya zabibu kubwa. Nilipoanza kazi Voi ilishafika kokwa ya embe dodo. Na lilikuwa safi, alisema, safi kama maji ya chemchemi, halina hata uzi. Broka alidai lina ufa ili apunguze bei. "Ufa gani? Mimi nina macho."

Watu wakicheka, mimi pia nilicheka. Baba mdogo hakucheka. Yeye alipiga hesabu. Kama jiwe lilikuwa kubwa hivyo, na safi hivyo, mbona pesa kidogo? Zingine zilikwenda wapi? Hakuuliza kwa maneno. Aliacha tu kuja kwetu. Wakipishana kwenye mfereji, mmoja anainama kufunga kamba ya kiatu. Kwenye harusi ya dada yangu alituma mwanawe na kuku. Hivyo ndivyo urafiki wa miaka 40 ulivyoishia, na ushahidi wote ulikuwa vidole viwili vya baba hewani.

Nilikuwa na sanduku kama mwezi mmoja hivi ndipo nikasoma habari za Poniatowski, na nikaanza kufikiria tofauti. Huyu alikuwa mwanamfalme wa Polandi aliyeishi Italia, akakusanya vito 2,500 hivi vyenye michoro ya Homer na Ovid, vingi vikiwa na majina ya mafundi mashuhuri wa kale. Alikufa mwaka 1833. Vikauzwa kwa mnada London mwaka 1839, na wakati huo watu walishaanza kunong'ona: si vya kale. Vilichongwa Roma na mafundi wa zama zake, majina yakaandikwa juu. Bei zikaanguka. Mnunuzi mmoja, John Tyrrell, alichukua zaidi ya elfu moja na akaagiza nakala za jasi. Vito vikatawanyika kwenye pete na bruchi za watu, vingi havijulikani viliko. Leo anayetaka kujua mchoro fulani ulikuwaje anatazama jasi. Vile vyenyewe, vya kweli au vya uongo, vimekwenda. Kilichobaki ni kile kisahani ambacho hakuna mwizi angejisumbua kukiiba.

Sisi hatuna hata hicho, na si jambo la jana. Neno bilauri, tunaloliita glasi ya kunywea maji, kwa Kiarabu ni ule mwamba mweupe unaopenyeza mwanga. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj ikachongwa huko. Wanaakiolojia wamekuta vipande vyake Shanga, kisiwani Pate. Kwenye hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, kuna birika la bilauri lenye jina la al-Aziz, khalifa wa Misri aliyetawala kuanzia 975 hadi 996. Lina jina la mwenye mali. Shimo jiwe lilikotoka halijaandikwa.

Basi nikanunua mfuko wa jasi ya kupigia dari, na udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi rangi, kwenye duka la vitabu. Mtu akija na jiwe ghafi nilipime au nilitazame kwa tochi, namwambia subiri. Nalipaka mafuta ya kupikia, nakandamiza nusu yake kwenye udongo, halafu nusu ya pili, namimina jasi, nafunga. Jasi ikiganda inapata joto. Mchimbaji mmoja alishika kalibu mkononi akasema, "Hii ina homa." Baada ya nusu saa unapata kiazi cheupe, na kila kona na kovu la jiwe lake. Naandika namba na tarehe kwa kalamu. Kimoja kwake, kimoja kwangu. Shilingi 50, na wengine hawalipi.

Jasi haichukui rangi. Haijui kama ndani kuna kijani cha kufa mtu au tope. Haijui bei. Inajua umbo na ukubwa, basi. Mabroka walinicheka, "fundi wa sanamu." Mmoja hakucheka, aliniuliza kwa upole kabisa ni nani aliyenituma.

Nilimwelewa baadaye. Kijana mmoja aliacha jiwe kwa broka, ati likaonyeshwe bosi Nairobi. Baada ya siku tisa likarudi: bosi hakulipenda, shika jiwe lako. Kijana akaja kwangu, hana raha, hajui kwa nini. Nikatoa kalibu yake, zile nusu mbili za udongo, nikaliweka ndani. Halikukaa. Lilicheza kama mguu wa mtoto kwenye gambuti. Upande mmoja, pale palipokuwa na nundu, palikuwa tupu.

Tulikwenda watatu, na kalibu kwenye mfuko wa karatasi. Broka alisema jiwe lilisafishwa, kwamba nundu ilikuwa takataka, ndivyo inavyofanywa. Na ni kweli ndivyo inavyofanywa, mawe hugongwa kuondoa sehemu mbaya. Nikamuuliza takataka iko wapi. Akaitazama kalibu muda mrefu. Hakukiri kitu. Alitoa shilingi 6,000, akasema ni za nauli. Nauli ya Voi kwenda wapi, sijui. Kijana alizichukua. Mimi ningetaka azikatae, lakini si mimi niliyekuwa na mtoto hospitalini.

Habari ikafika Mboghoni kabla yangu. Jioni moja baba akaja kukaa karibu nami, akavitazama visahani vya sanduku, akamshika Hercules na kumgeuza geuza.

"Mngelikuwa na hii mwaka ule," akasema.

Alikuwa anazungumza na nani, sijui. Baba mdogo alikuwa amezikwa mwezi mmoja nyuma, na baba alisimama mbali wakati wa mazishi, nje ya kivuli cha turubai.

Nilikata pande la udongo wa kuchezea, rangi ya kijani, nikampa. Sikumwambia afanye nini. Vidole vya baba sasa havinyooki vizuri, lakini alianza kuukanda. Mwanzoni lilikuwa donge kubwa, ile kokwa ya embe. Akalitazama. Akamega, akaweka kile kipande juu ya goti. Akakanda tena, akafumba macho, akalizungusha kwenye kiganja kama anayelipima uzito. Akamega tena. Mama alikuwa mlangoni na taa, hakusema neno. Ilichukua muda. Ng'ombe wa jirani walipita wakielekea boma na yeye bado anamega.

Lililobaki lilikuwa kama punje ya mahindi. Labda punje mbili. Alilikandamiza upande mmoja likawa bapa, akatengeneza kona, akaikata kona ya pili, polepole, kama mtu anayekumbuka njia gizani. Alipofika mwisho alilisogeza karibu na taa, akageuza ukucha wa kidole gumba, na akaupitisha juu yake mara moja, kutoka kona hadi katikati.

"Ulianzia hapa," akasema. "Ukaishia hapa."